Mbeya "mjini" ni wapi hasa? Uzi wa Mwanjelwa na mitaa iliyoshuka mlima

#1 Mwana Mwanjelwa

Wakuu, poleni na baridi.

Mama yangu ana jozi ya viatu anayoiita "viatu vya mjini". Vyeusi, kisigino kifupi, ngozi ya kweli. Nilipokuwa mdogo, masika yakikolea, safari yake ya kupanda mjini ilikuwa hivi: anatoka nyumbani kwetu Mwanjelwa na kandambili, viatu vimo kwenye mfuko wa rambo. Akishuka kwenye Hiace kule juu anaomba maji kwenye duka moja la Mhindi, ananawa miguu, anavaa viatu, kandambili zinaingia kwenye rambo, ndipo anaingia mjini. Jioni anarudia kinyumenyume. Matope ya Mwanjelwa hayakutakiwa yaonekane mjini, na viatu vya mjini havikutakiwa vionje matope ya Mwanjelwa.

Juzi kanipigia: "Alhamisi napanda mjini." Nikamuuliza, mama, unafuata nini huko? Benki ipo hapo hapo kwenu. Vitenge, dawa, simu, mabati, mbegu, vyote viko chini. Watu wa juu ndio wanaoshuka kwenu kununua. Akanijibu, "Baba, mjini ni mjini," akakata simu.

Kwa asiyeijua Mbeya nieleze kidogo. Mji mkongwe uko juu, umeegemea mlima Loleza: Uzunguni, Uhindini, Majengo, Sokomatola na majirani zake. Barabara kuu inayotoka Dar kwenda Tunduma haipiti huko. Inapita chini, bondeni, na kandokando yake ndiko kulikojaa Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati, Soweto, mpaka uende Sae na Uyole. Ofisi za wakubwa na hospitali ya rufaa ziko juu. Pesa iko chini. Na bado mtu wa Mwanjelwa, anayekaa hatua mia mbili kutoka soko kubwa, akivuka kwenda juu anasema "naenda mjini".

Nimekulia nyumba ya kupanga ile ile mnayoijua: matofali ya kuchoma, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani bomba moja, choo, na banda la mwenye nyumba la kufugia kuku. Chumba cha kwanza Mkinga wa duka, cha pili Mnyakyusa fundi cherehani, cha tatu sisi, mbele yetu Mndali, Mmalila, na mwalimu mmoja kutoka Musoma aliyekuwa anaapa kila Juni kwamba anaomba uhamisho. Hakuwahi kuomba. Asubuhi ya Julai huoni mlango wa jirani kwa ukungu, lakini unawasikia wote wanakohoa, na unajua nani kapika nini. Jumamosi kwaya tatu zinafanya mazoezi kwa pamoja, kila moja na kinanda chake, na hakuna inayokubali kushusha sauti. Nikisikia kinanda cha bei rahisi mpaka leo nasikia harufu ya mkaa.

Sasa hoja yangu. Panda daladala, funga macho, msikilize konda. Iyunga, Ilomba, Iganzo, Itende, Iyela: hayo ni majina ya vijiji, yalikuwepo kabla ya mji. Uzunguni, Uhindini, Majengo, Forest, Jakaranda: hayo yamekuja na serikali ya mkoloni na mpangilio wake wa nani alale wapi. Halafu kuna ninayoyaita majina ya redio: Ghana, Soweto. Watu walisikia habari za mbali wakazitia mtaani kwao. Ukiyapanga majina haya kwenye ramani unaona mji unashuka mlima hatua kwa hatua mpaka unakaa barabarani. Mbeya imehama, ila neno "mjini" limegoma kuhama nayo.

Wenye Mbeya yenu, mjini ni wapi? Na ulianza lini kuhama?

#2 Konda Mstaafu

Mjini ni pale gari linapogeuzia. Uzi ufungwe.

#3 Mpole wa Sae

Nakaa siti ya dirishani. Mleta uzi umenikumbusha rambo la bluu na nyeupe. Lile halikuwa na mpinzani.

#4 Sokomatola Damu

Mkuu Mwana Mwanjelwa, umeandika vizuri lakini umetuzika tukiwa hai. Ngoja nikupe darasa, na usikasirike.

Mbeya haikuanzia sokoni kwenu. Ilianza na dhahabu ya Lupa, huko Chunya, miaka ya 1920. Wachimbaji wakafurika, Waingereza wakahitaji mji wa karibu wenye maji na hali ya hewa wanayoipenda wao, wakauweka hapa chini ya Loleza mwaka 1927. Wajerumani hawakuwa na makao Mbeya. Wao walikaa Tukuyu, wakaipa jina la Neu Langenburg. Ndiyo maana ukizunguka Mbeya yote hupati boma la Kijerumani, wakati Iringa wanalo wanajidai nalo.

Mwaka 1932 Imperial Airways walipoanza safari za kutoka London mpaka Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo. Ndege inatoka Dodoma, inatua Mbeya, inaondoka kwenda Mpika. Jiulize, mwaka huo Mwanjelwa palikuwa na nini? Ng'ombe na mahindi.

Mpangilio wa juu unasomeka mpaka leo kwa macho tu. Uzunguni viwanja vikubwa, miti, nyumba imejificha nyuma ya ua. Shuka kidogo, Uhindini, duka chini na watu juu, kibaraza kimeunganika na cha jirani. Majengo ndiko alikowekwa Mwafrika, nyumba zimebanana. Ubaguzi, sawa, siutetei. Lakini kila kitu kina nafasi yake, mtaro unapitisha maji, na barabara ina kona unayoijua. Mimi nimezaliwa Sokomatola na nitazikwa kutoka Sokomatola. Oktoba mijakaranda inapomwaga maua ya zambarau barabarani, hao hao wa chini wanapanda kupiga picha za harusi.

Mama yako yuko sahihi. Mjini ni mjini.

#5 Tandale Mpaka Tukuyu

@Sokomatola Damu harusi zinapigwa picha kwenu, ila mchele wa hiyo harusi umenunuliwa wapi? 😂

#6 Msafwa Mkorofi

Nimecheka niliposoma "ng'ombe na mahindi". Wa nani?

Hii ndiyo tabia ya watu wa Mbeya. Mtu anaanza historia na mchimba dhahabu, mwingine na barabara, na wote wanajenga juu ya shamba la babu yangu. Mji huu uko katika nchi ya Wasafwa. Hata jina lenyewe wazee wanalitoa kwenye neno la Kisafwa la chumvi, ibeya, kwa sababu ya biashara ya kubadilishana mazao na chumvi iliyokuwa inafanyika pande hizi. Mji una jina la biashara toka mwanzo, kwa hiyo msishangae soko kushinda ofisi.

Mleta uzi umesema majina ya I ni ya vijiji, nakushukuru, wengi hawaoni. Lakini usiyaseme kama makaburi. Nenda Itagano, nenda Iziwa, nenda Mwasanga, ni kata za Jiji hizo, zina mtendaji na kila kitu, na asubuhi bibi anatoka shambani na kikapu cha njegere kichwani anaongea Kisafwa kitupu. Mji ulipopandishwa kuwa jiji 2005 ulitujumlisha. Tulilala wanakijiji tukaamka wana jiji, na jembe lile lile begani.

Mimi nakaa Iganzo. Baba yangu akienda Uhindini alikuwa anasema anaenda "kwa Wahindi". Akienda Mwanjelwa, "sokoni". Neno mjini sikumbuki kulisikia mdomoni mwake.

#7 Mwana Mwanjelwa

@Msafwa Mkorofi kaka, pigo nimelipokea. Nakiri kwetu nyumba nzima ilikuwa na makabila sita na hakukuwa na Msafwa hata mmoja. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Walikuwa wanakuja asubuhi kuuza viazi na kuni, jioni wanaondoka.

#8 Reli ya Uhuru

Vijana, hamjambo. Mimi ni mstaafu, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mleta mada ameuliza mji ulianza lini kuhama. Naweza kumjibu kwa sababu niliuona ukihama.

Nilifika Mbeya 1972 kutoka Njombe, nina miaka kumi na tisa, nafuata kazi ya reli kwa Wachina. Lakini hadithi inaanza nyuma kidogo. Novemba 1965 Smith na Wazungu wenzake wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha mizigo na mafuta yake kusini, ikajikuta koo limekabwa. Pa kupumulia palikuwa huku kwetu. Malori ya mafuta yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya udongo na kokoto. Ajali zilikuwa nyingi mno. Likajengwa bomba la mafuta la TAZAMA, likaanza kazi 1968. Ikaja lami. Na mwaka 1970 ikaanza reli: kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Sisi tuliokuwa huku tulishuhudia reli ikivuka mpaka wa Tunduma 1973, na mwaka 1976 Wachina wakatukabidhi.

Sasa angalieni. Bomba, lami, reli, vyote vitatu vimepita bondeni. Treni haipendi mlima, na lori lenye tela nalo halipendi. Stesheni ikajengwa upande wa Iyunga, siyo kule Uhindini. Mtu akishuka kwenye treni na begi lake, mji wa Waingereza uko juu huko anaona taa tu. Hapa chini kuna mama anauza chai na mihogo. Anakula. Anauliza pa kulala. Anapewa godoro. Baada ya wiki anauliza chumba.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Chumba changu cha kwanza Mwanjelwa kilikuwa na sakafu ya udongo na dirisha la ubao, na mwenye nyumba alikuwa bado anajenga upande wa pili huku sisi tumeshahamia upande huu. Kila kodi inayolipwa, tofali linaongezeka. Matofali tulifyatua wenyewe, tanuru liko hapo hapo uwanjani linafuka siku mbili. Madereva wa Zambia walikuwa wanasimama, wanauliza mchele, wanauliza blanketi. Penye lori lililosimama duka linaota. Hakuna aliyekaa mezani akapanga kwamba Mwanjelwa iwe hivi.

Kuhusu hayo majina ya redio. Juni 1976, mwezi mmoja kabla hatujakabidhiwa reli, tulikuwa kambini jioni, redio ikasema watoto wa shule wamepigwa risasi Soweto, Afrika Kusini. Mchina mmoja akauliza kuna nini mbona kimya, tukashindwa kumweleza kwa Kiswahili cha mikono. Leo konda akiita "Soweto, Soweto, wa kushuka!" vijana wanashuka na simu zao. Mimi huwa nachelewa kidogo kunyanyuka.

Ndugu yangu wa Sokomatola, sisemi mji wenu umekufa. Ila barabara ndiyo iliyoamua.

#9 Mpole wa Sae

Shikamoo mzee. Andika hata kwa kidole kimoja, tutasubiri.

#10 Reli ya Uhuru

Marahaba.

#11 Kamwene Halisi

Kamwene wana Mbeya. Jirani zenu wa Iringa tumepita kusalimia na kuwaonyesha mji wenye historia inavyoandikwa. 😀

Sisi mambo ya majina tumemaliza. Tuna Gangilonga, kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na jiwe lenyewe lipo, unalipanda jioni unauona mji wote. Wazee wanalihusisha na Mtwa Mkwawa. Tuna Kitanzini, na hilo halihitaji mkalimani: wanasema ndipo Wajerumani walipokuwa wananyongea watu. Leo Kitanzini watu wanapanga vyumba, wanaanika nguo, watoto wanacheza mpira wa makaratasi, na jina limekaa pale pale. Tuna Makorongoni, shuka mwenyewe uone makorongo. Na majina ya redio tunayo pia: Frelimo ni mtaa na hospitali, Samora ni uwanja wa mpira.

Lakini nimesoma aliyoandika mzee wa reli nikaona tofauti. Iringa nayo iko juu, Wajerumani waliiweka mlimani kwa sababu za vita, baada ya kazi waliyoipata kwa Mkwawa kuanzia kipigo cha Lugalo 1891. Barabara kuu nayo inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Kwa hesabu ya mzee, Ipogolo ilipaswa kuwa Mwanjelwa yetu. Haikuwa. Basi likitoka Dar linasimama Ipogolo, unashuka, unapanda na daladala mlimani, na mjini bado ni huko juu. Miomboni na Soko Kuu hapashikiki. Kwa nini kwenu mji ulishuka na kwetu ukagoma?

#12 Reli ya Uhuru

@Kamwene Halisi swali zuri sana kijana. Kwenu reli haikupita. Ilikata kutoka Mlimba ikaja Makambako, Iringa ikaiacha pembeni. Halafu Ipogolo mto huku, mlima huku, nyumba zitakaa wapi? Bonde letu lina upana.

#13 Tandale Mpaka Tukuyu

Na ninyi Iringa mna mpaka na nani? Mbeya ndiyo njia ya mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Mzambia na Mmalawi wote wanajua njia ya Mwanjelwa hata wakilala usingizi.

#14 Ramani Mkononi

Mzee wa reli amesema hakuna aliyekaa mezani akapanga. Kwa mwanzo ni kweli, lakini meza ilikuja baadaye, na mimi kazi yangu ni hizo meza, kwa hiyo niongeze.

Miaka ya kwanza baada ya uhuru, serikali ilikuwa ikikuta nyumba zilizojengwa bila kupimiwa, inavunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 msimamo ukabadilika: badala ya kuvunja, waboreshewe waliopo na wapimiwe wengine. Ndipo ukaja mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ilianza 1974 na ilikuwa na miji mitatu tu: Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Kwa Dar, Sinza na Kijitonyama ni watoto wa mradi huo, na Manzese iliboreshwa badala ya kubomolewa. Nitoe tahadhari: kila mtu akisikia "mtaa uliojijenga" anafikiri ni wa wakorofi. Hapana. Watu walijenga kwa sababu mji ulihitaji wafanyakazi na haukuwa na nyumba za kuwapa.

Ukitembea Mbeya ya chini kwa mguu unaweza kuusikia mpaka kati ya kilichopimwa na kisichopimwa. Pale ambapo bajaji inapita na nyingine inapishana nayo, hapo kuna mtu aliyewahi kusimama na kamba. Pale ambapo jeneza linatolewa kwa kupitishwa juu ya ukuta wa jirani, hapo hakukuwa na kamba. Block T, jina lenyewe linakwambia limetoka kwenye karatasi ya mpima ardhi. Hakuna bibi aliyewahi kumwita mjukuu wake Block T.

#15 Konda Mstaafu

Hapo kwenye jeneza nimeguna peke yangu garini.

#16 Mama Belo

Nimesoma toka mwanzo, nikasema ngoja nimalize kufunga meza ndiyo niandike.

Mnaongea Mwanjelwa kama mnaongea jiografia. Mimi nimeuza mitumba pale tangu naolewa. Naijua kwa vidole. Asubuhi unafungua belo, hujui ndani kuna nini, umekopa hela, watu wamekuzunguka, unakata kamba roho iko mkononi. Ikitoka makoti umepona, Mbeya koti haliozi. Ikitoka nguo za ufukweni unakaa unaangalia Loleza.

Desemba 2006 soko lilipoungua niliamshwa usiku na mtoto, anasema mama kuna jua dirishani. Nilikimbia na kanga moja. Nilipofika nikakuta wenzangu wamesimama kando ya barabara wameshika funguo. Mtu ameshika funguo za kibanda, na kibanda hakipo. Wengine waliweka bidhaa za Krismasi, walikuwa wameshusha mzigo juzi yake. Pembeni yangu alisimama Mkinga mmoja tuliyekuwa tunamwona bahili kuliko wote sokoni. Asubuhi ile ile akanigawia jora mbili za kuanzia, akaniambia utalipa ukilipa. Nililipa miaka miwili baadaye.

Tukatawanyika. Wengi tulikwenda SIDO, eneo la shirika la viwanda vidogo, kwa muda, tuliambiwa hivyo. Muda gani! Mabanda ya mbao, yamebanana, na SIDO nayo ikaja kuungua, zaidi ya mara moja, ile ya Agosti 2017 ndiyo iliyonimaliza nguvu. Novemba 2011 mnaikumbuka wote, machinga na polisi, barabara kuu imefungwa kwa matairi, mabomu ya machozi yanaingia mpaka kwenye vyumba vya kulala. Nilifunika watoto vitambaa vyenye maji. Siku mbili hatukutoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba kukaa barabarani kuna bei yake. Watu wa Uzunguni walisikia kwa redio, sisi tulisikia kwa mlango.

Soko jipya la ghorofa lilipokuja kufunguliwa, miaka imepita, kuna waliokuwa wamezeeka wakashindwa kodi, kuna waliokuwa wamekufa. Zuri, sikatai. Maji yapo, choo kipo. Mimi sikuingia ndani. Mteja wa belo hapandi ngazi.

Sasa kuhusu mjini. Mimi wateja wangu wa Uzunguni wanakuja na gari, na mmoja ana buti za mpira kwenye buti ya gari, kazi yake moja tu, kushukia Mwanjelwa. Anavua viatu vyake vizuri, anavaa buti, anachagua koti, anarudi garini anavua. Nilipoisoma ile ya mama yako na kandambili nikacheka mpaka mwanangu akaja kuniuliza kulikoni.

#17 Mwana Mwanjelwa

Dada Mama Belo, pole kwa yote hayo. Hiyo ya buti za mpira nitampelekea mama kama ilivyo.

#18 Sokomatola Damu

Mama Belo umeninyamazisha kwa heshima. Ila niseme jambo moja: 2013 mpaka 2014, Mbeya City ilipopanda ligi kuu na kumaliza nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza, Mbeya yote ilikuwa uwanja wa Sokoine. Na Sokoine iko wapi? Juu! Mlipanda wenyewe na jezi zenu za zambarau kwa mguu.

#19 Tandale Mpaka Tukuyu

Tukuyu Stars walichukua ubingwa 1986 msimu wao wa kwanza, siyo nafasi ya tatu. Nasema tu. Ndaga fijo, asanteni sana.

#20 Mpole wa Sae

Wajuzi, na hii barabara ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ikiisha mjini utahamia wapi tena? Maana huku Sae tangu waanze kuchimba nakula vumbi kiangazi na tope masika, na viwanja vya Uyole vimepanda bei mpaka madalali wanavaa tai.

#21 Ramani Mkononi

@Mpole wa Sae fuata njia ile ile ya mzee wa reli: angalia lori litakaposimama. Uwanja wa ndege ulihamishwa kwenda Songwe Desemba 2012, nao ukavuta watu upande wa Mbalizi. Sasa mji una ncha mbili, Uyole mashariki na Mbalizi magharibi, na Mwanjelwa imebaki katikati kama kitovu.

#22 Msafwa Mkorofi

Yaani mnahesabu tena mashamba yetu yaliyobaki. 🙂 Isyesye kiwanja kimoja mjomba aliuza, akanunua pikipiki. Pikipiki imekufa, kiwanja kina ghorofa moja na geti jeusi.

#23 Reli ya Uhuru

Pole. Kwetu Njombe ni hivyo hivyo, tofauti ni parachichi.

#24 Kamwene Halisi

Naaga wakuu. Nimekubali jibu la reli, ila nitawauliza wazee wa Ipogolo kabla ya kulibeba. Chumba na sebule Soweto kinakwendaje siku hizi? Mdogo wangu kapata chuo huko na ameshaanza kulalamikia baridi akiwa bado yuko Iringa, sijui atafanyaje.

#25 Mama Belo

@Kamwene Halisi mlete kwangu kwanza achague koti. Chumba tutakitafuta tukiwa tumemvalisha.

#26 Mwana Mwanjelwa

Wakuu nimerudi. Jana ilikuwa Alhamisi, nimempigia mama jioni.

Amepanda mjini kweli. Nilimsomea bandiko la mzee wa reli, akasema huyo baba anasema kweli, yeye mwenyewe alikuja Mbeya na treni, kashuka na ndoo na mdogo wake, hakuwahi kuniambia. Nilimsomea la Mama Belo, akanyamaza kidogo, akauliza huyo mama ni wa upande gani wa soko.

Nikamuuliza alifuata nini mjini. Kumbe alikwenda Sokomatola kwa fundi viatu. Kuna mzee mmoja ana kibao chake barazani, ndiye aliyevishona soli vile viatu mara ya kwanza, na hamwamini mwingine. Safari hii kisigino kimoja kimeachia. Alikwenda navyo kwenye mfuko, miguuni kavaa kandambili, akakaa kwenye kigoda akisubiri mpaka vikaisha. Nikamwambia basi si ungerudi umevivaa, njia kavu sasa hivi, mvua bado.

Akasema, "Nirudi navyo Mwanjelwa?"